Mama, Hivi Mimi ni Mnene?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo linaloanzia mdomoni mwetu sisi wazazi na kuishia katika mwili wa mtoto. Ni habari ya unene na wembamba wa watoto wetu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kumwonya mwenzako huku wewe umejificha.

Mwaka 1999 binti yangu wa pili alikuwa na miaka 13, akijiandaa kwa kipaimara. Nilimpeleka kwa fundi apimwe gauni jeupe. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa mwembamba kama kijiti. Sasa mwili ulikuwa umefunguka, nyonga zimepanuka na uso umejaa. Fundi alipomzungushia futi kiunoni, mimi nilicheka nikasema, "Fundi, ongeza kitambaa. Huyu siku hizi ni bonge la nyanya!" Fundi akacheka. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu yao nao wakacheka. Binti yangu akatabasamu kidogo, kisha akatazama chini. Nililipa nusu ya fedha, tukarudi nyumbani, nami nikasahau.

Yeye hakusahau. Tangu wiki ile akaanza kusema ameshiba. Asubuhi alisema atakula shuleni, na huko shuleni, kama nilivyokuja kujua baadaye, aliwagawia wenzake chakula chake. Jioni alikula vijiko viwili vya wali akasema tumbo linamuuma. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ameanza kujitunza. Tulipokwenda kuchukua gauni, lilimpwaya, fundi ikabidi alibane. Hata hapo sikushtuka. Siku ya kipaimara yenyewe, kabla hajaitwa kwenda mbele kwa Askofu, alianguka.

Hospitalini walimpima malaria wakaikosa. Muuguzi mmoja mtu mzima aliniita nje ya wodi. "Mama, pole sana," akasema. "Mtoto huyu ana njaa. Na ameniambia hajaona siku zake kwa miezi mitatu. Nyumbani kuna shida ya chakula?" Nikajibu kwamba chakula kipo tele. Akanitazama. "Basi kuna mtu aliyemwambia neno juu ya mwili wake?" Nilifungua kinywa niseme hapana. Ndipo nikaikumbuka ile futi ya fundi.

Usiku ule, akiwa amelala na dripu mkononi, binti yangu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hivi bado mimi ni mnene?"

Akina mama wenzangu, swali hilo limekaa moyoni mwangu miaka yote hii. Mtoto alipona, lakini hakupona kwa siku moja. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima kabla hajaweza kula bila kuhesabu matonge. Leo yeye mwenyewe ni mama, na ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya.

Neno moja, masikio mawili

Sisi tuliolelewa zamani tunajua kwamba "umenenepa" ni salamu ya heri. Mgeni akikwambia hivyo unashukuru, maana anasema unatunzwa vizuri. Kulikuwa na sababu. Wazazi wetu waliona njaa ya miaka ya 1973 na 1974, na sisi tukaona uhaba wa vitu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha ulipokuja UKIMWI, mtu akikonda majirani walianza kunong'ona. Kwa hiyo mwili uliojaa ulikuwa ushahidi wa afya na amani nyumbani.

Lakini binti yako wa leo hasikii kama bibi yake anavyosikia. Yeye kila siku anaona katika simu picha za wasichana zilizonyooshwa kwa mitambo, kiuno chembamba kama cha nyigu, ngozi isiyo na doa hata moja. Halafu anajitazama kwenye kioo. Bibi akisema "umenenepa, mjukuu wangu" kwa upendo, msichana anasikia "umeharibika". Na mvulana mwembamba anayeitwa "kimbaumbau mwiko wa pilau" mbele ya wenzake anaumia vilevile, ingawa yeye huficha kwa kucheka au kwa kugombana.

Pengine utasema, hayo ya kujinyima chakula ni mambo ya Wazungu. Nami niliwahi kusema hivyo. Basi nikueleze yaliyotokea Fiji, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Huko nako, kama kwetu, mwili mkubwa ulipendwa, na kumlisha mgeni mpaka ashibe ilikuwa heshima. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wao wa Nadroga. Daktari Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwauliza wasichana wa sekondari maswali mwaka huohuo, kisha akawauliza wengine mwaka 1998. Mwaka 1995 hakupatikana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998, zaidi ya 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo. Miaka mitatu tu! Mila haikuwakinga. Sasa fikiri juu ya simu inayolala na mtoto chini ya mto wake.

Mwili wa balehe si ugonjwa

Laiti ningalijua wakati ule jambo hili moja. Kwa kawaida msichana huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Katika kipindi hicho mwili hufanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote tangu uchanga. Msichana huongezeka nyongani, mapajani na kifuani. Huo si ulafi, bali ndivyo mwili wa mwanamke unavyojengwa. Akiba ile ya mafuta ina kazi yake, na ikipungua mno, hedhi husimama, kama ilivyosimama kwa binti yangu. Wengine hutangulia kunenepa kidogo, halafu hurefuka. Wengine hurefuka kwanza, wakabaki kama mlingoti, halafu wakajaa. Dada wawili wa tumbo moja hawafanani.

Kwa hiyo mama anayeona gauni la mwaka jana linambana binti yake, na amtayarishe kwa maneno mema mapema: "Mwanangu, mwili wako unakua. Utaongezeka hapa na hapa. Mimi nami nilikuwa hivyo." Mtoto aliyeambiwa mapema hashtuki.

Je, unene basi si tatizo?

Sisemi hivyo. Ningekudanganya. Mwaka 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa taarifa kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wale wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa 9.2. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika hapo, na wembamba wa kukosa lishe ndio unaoongoza. Hapa Tanzania uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini katika mitaa ya miji yetu utawakuta wote wawili: mtoto aliyedumaa nyumba hii, na nyumba ya pili mtoto anayehema akipanda ngazi. Unene uliokithiri huweza kumletea mtoto kisukari cha aina ya pili, presha, maumivu ya magoti na kukatika pumzi usingizini.

Hata hivyo, jicho la jirani si mizani. Mtoto wa chini ya miaka mitano tuna kadi yake ya kliniki, yenye mistari inayoonyesha kama anakua sawasawa. Tusiache kuipeleka kwa sababu chanjo zimekwisha. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 19, mganga hupima uzito na urefu, kisha huulinganisha uwiano wake na umri na jinsia ya mtoto. Kipimo cha mtu mzima hakimfai. Tena kipimo kimoja hakitoshi, bali hutazamwa mwendo wa miezi kadhaa. Mtoto ambaye tangu zamani ni mnene kidogo na anaendelea vilevile, si sawa na yule aliyepanda ghafla au aliyeshuka ghafla.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuufunge ulimi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kuanzia mwaka 1998 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Dianne Neumark-Sztainer, waliwafuatilia vijana wengi kwa miaka. Walikuta kwamba vijana waliojinyima chakula ili wapungue ndio waliokuwa katika hatari zaidi, baada ya miaka 5, ya kuwa wanene, na pia ya kula kwa pupa na kujitapisha. Na wale waliotaniwa juu ya uzito wao walikuwa katika hatari hiyohiyo. Unaona basi? Tunamtania mtoto ili apungue, kumbe tunamsukuma kulekule tunakokukimbia. Mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliwashauri wazazi waache kabisa kuzungumzia uzito, wazungumzie chakula bora na michezo. Shangazi au baba mdogo akija na utani wake, mwambie kwa heshima, nje ya masikio ya mtoto, "Shangazi, nyumbani hapa tumeacha utani wa miili." Ataelewa.

Pili, chungu kiwe kimoja. Usimpikie mtoto mnene chakula cha peke yake wakati ndugu zake wanakula chipsi mayai. Hiyo ni adhabu, naye atatafuta chipsi kwingine kwa siri. Badilisha chakula cha nyumba nzima, na baba akiwemo. Ugali na dagaa, maharage, matembele, mchicha, samaki, tunda la msimu: hivyo tulivyokulia ni vyakula vizuri, tena vya bei nafuu kuliko biskuti na soseji. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Tatu, mama apange chakula, mtoto ajue shibe yake. Mtaalamu wa lishe Mmarekani Ellyn Satter amefundisha kwamba kazi ya mzazi ni kuamua kinapikwa nini, saa ngapi na mnakula wapi. Kazi ya mtoto ni kuamua ale kiasi gani katika hicho kilichopo. Sisi tulizoea kumlazimisha mtoto amalize sahani, halafu akinenepa tunamwambia aache kula. Mpakulie kidogo, na akitaka aongezwe, aongezwe. Chakula kisiwe zawadi wala fimbo. Usimwambie, "Ukinyamaza nitakupa soda."

Nne, tutazame vinywaji. Hapa ndipo sukari nyingi inapoingilia bila sisi kujua. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, yaani vijiko vya chai 13 hivi. Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asipate zaidi ya gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vya chai 6. Chupa hiyo moja imekwisha vuka mara mbili, bado hujahesabu chai ya asubuhi na maandazi. Soda iwe ya sikukuu. Kila siku iwe maji safi. Nazo juisi za boksi tusizidhanie kuwa ni matunda.

Tano, wacheze. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Hakuna haja ya kulipia mahali. Kuruka kamba, rede, mpira, kuchota maji, kwenda shule kwa miguu panapokuwa salama, vyote vimo. Wasichana nao wapewe nafasi. Mara nyingi binti akivunja ungo tunamfungia jikoni, na kaka yake anaendelea na mpira. Na usimwambie, "Nenda ukakimbie upungue." Mwambie, "Njoo tutembee mpaka kwa bibi." Utembee naye.

Sita, walale. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto asiyelala vya kutosha huelekea kunenepa kwa urahisi zaidi, tena huamka na hasira. Simu zote, ya mama ikiwemo, zilale sebuleni.

Saba, tule pamoja. Hata kama ni mara moja kwa siku, tukae mezani au mkekani, tushukuru, tule, tuzungumze habari nyingine. Mezani ndipo utakapogundua mapema kwamba kuna mtoto anayesogezasogeza chakula tu.

Tujihadhari na dawa za njia ya mkato

Madukani na katika simu wanauza vidonge vya kunenepesha, vya kuongeza nyonga, na majani ya chai ya kukata tumbo. Baadhi ya wasichana huvinunua kwa fedha ya nauli. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha ni deksamethasoni, dawa ya hospitali yenye nguvu. Akiitumia mtu asiyeandikiwa, uso huvimba, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, na mtoto anaweza kuacha kurefuka. Tena akiisha kuizoea, kuiacha ghafla ni hatari, kwa hiyo apelekwe kwa daktari ili aipunguze kwa utaratibu. Na majani mengi ya kukata tumbo ni ya kuharisha tu. Hayapunguzi mafuta, bali maji na madini ya mwili.

Lini twende hospitali?

Usingoje mtoto aanguke kanisani kama mimi. Mpeleke upesi ukiona anakonda bila sababu, hedhi imesimama, anahisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, nywele zinakatika, anakimbilia chooni kila baada ya chakula, au anaficha mwili kwa nguo kubwa na kukataa kula mbele ya watu. Kukonda pia kunaweza kuwa kifua kikuu, minyoo au kisukari, kwa hiyo usibahatishe. Mpeleke vilevile ukiona ananenepa ghafla huku harefuki, anakoroma na kukatika pumzi usiku, ana kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, anachechemea, au ngozi ya shingoni imekuwa nyeusi na nene kana kwamba haioshwi. Usimsugue kwa dodoki, si uchafu. Na mbele ya mganga usimsimange. Mpe nafasi aseme mwenyewe.

Kioo cha mama

Mwisho niseme juu yetu sisi. Mara ngapi tunasimama mbele ya kioo tukajishika tumbo na kusema, "Nimekuwa mbaya kiasi gani!" huku binti amekaa kitandani anatutazama? Yeye ana mwili unaofanana na wetu. Tunapoutukana wetu, tunautukana na wake ujao. Tunafundisha Jumapili kwamba Mungu alimwumba mtu akaona ni vyema. Jumatatu tusifundishe kinyume.

Mwezi uliopita binti yangu alimpeleka mwanawe kwa fundi, naye pia anajiandaa kwa kipaimara. Niliwasindikiza. Mjukuu wangu ana miaka 12, na mwili umeanza kufunguka kama ule wa mama yake. Fundi alizungusha futi, akasoma, akasema kwa mshangao, "Eh, huyu amejaa!" Mimi niliuma ulimi. Binti yangu hakugeuka hata kunitazama. Alimwekea mwanawe mkono begani akasema kwa upole, "Amekua, fundi. Mshonee gauni linalomtosha."

Mtoto akasimama wima, akanyosha mikono apimwe mabega.